Kurasa za Mama Kemi

Benedicta Gozbert alikuwa karani katika ofisi moja ya mizigo Ubungo, karibu na pale ilipokuwa stendi kuu ya mabasi kabla haijahamishwa. Kazi yake ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta vifurushi vinavyokwenda mikoani: nani katuma, nani atapokea, ndani kuna nini. Kwao ni Bukoba. Shangazi yake alimleta Dar kusomea ukarani, naye akabaki. Akaolewa na Gaudens, kijana wa Muleba aliyekuwa mshereheshaji wa harusi, wakajenga Bunju. Walianza na vyumba viwili, ikafuata sebule, kisha banda la kuwekea spika za Gaudens.

Huyo Gaudens aliishi kwa mdomo wake. Kwenye kumbi za Sinza walimwita MC Gau, na walisema angeweza kuwachukua wazee wa pande mbili waliokuja wamenuniana akawachezesha pamoja kabla keki haijakatwa. Hata nyumbani hakunyamaza. Alimtangaza mkewe akitoka jikoni na sahani, alimtangaza paka akiingia mlangoni. Benedicta, ambaye si msemaji, alipenda nyumba yenye kelele namna ile.

Mtoto wao wa kwanza alikuwa Kemilembe, ambaye kila mtu alimwita Kemi. Alizaliwa mnene na mcheshi. Alipokuwa anakaribia miaka miwili, Gaudens alinunua spika mpya, na mchana mmoja akaziunganisha uani azijaribu. Alipowasha, kuku waliruka ukuta, mbwa wa jirani akakimbilia chini ya gari, na mama mmoja aliyekuwa akipita njiani na ndoo kichwani akaiachia ikaanguka. Kemi alikuwa amelala kwenye mkeka hapohapo karibu na spika. Hakujigeuza hata kidogo.

Benedicta alimtazama mtoto, kisha akamtazama mumewe. Gaudens alishusha sauti pole pole mpaka uwanja wote ukawa kimya.

"Kachoka tu," alisema. "Asubuhi kacheza sana."

Hospitali walimpima Kemi mara kadhaa, wakamjaribishia vifaa vya kusikia, havikumsaidia. Daktari aliwaambia mtoto hasikii tangu kuzaliwa, na akawashauri waanze mapema kujifunza lugha ya alama, wao pamoja na mtoto, ili asikae miaka mingi bila lugha yoyote. Benedicta alilia siku ile, akaamka kesho yake akiwa ameamua. Gaudens hakulia, na hakuamua kitu.

"Tukimzoesha mikono, mdomo wake utalala," alisema. "Mie ndiyo baba yake. Mtoto wa MC ataongea tu, ni suala la muda."

Basi Benedicta akaanza peke yake. Saa ya chakula cha mchana, wenzake wakienda kwa mama ntilie, yeye alibaki mezani na kiporo chake kwenye kopo, akitafuta mtandaoni. Kulikuwa na video za walimu wa viziwi, kurasa zenye picha za mikono, majarida ya wazazi, hadithi za watoto zinazosimuliwa kwa alama. Nyingi zilikuwa za nchi nyingine, na alijifunza haraka kwamba alama za huko si za hapa, hivyo kila alipopata ukurasa wenye alama za Tanzania aliufurahia kama mtu aliyeokota hereni yake iliyopotea. Alibonyeza ile nyota ndogo iliyo juu ya kivinjari, ukurasa ukahifadhiwa, akaendelea kula. Ofisini alitumia Chrome. Nyumbani kulikuwa na laptopu ya Gaudens, ambayo mtu aliyemuuzia alikuwa amemwekea Firefox, na humo pia alihifadhi. Simu yake ilikuwa na kivinjari cha tatu, alichokikuta humo siku aliyoinunua, nacho akakijaza vilevile.

Shida ya mpango huo ilijitokeza Jumapili moja baada ya misa. Kemi, sasa na miaka minne, alikuwa anajikunja kwenye kochi na kulia. Benedicta alimwonyesha maji, mtoto akasukuma kikombe. Akamwonyesha uji, akazidi kulia. Alikumbuka waziwazi kwamba Jumatano aliona video ya mwalimu akifundisha namna ya kumuuliza mtoto mahali panapouma, na aliiwekea nyota. Lakini aliiwekea ofisini. Alifungua simu, haikuwamo. Akafungua laptopu, akapekua katikati ya miziki ya Gaudens, haikuwamo. Alijaribu kuitafuta upya, mtandao ukawa unazunguka tu. Mwisho alianza kumbonyeza Kemi mwilini, kichwa, shingo, tumbo, mpaka alipofika sikio la kushoto na mtoto akapiga yowe. Mdudu mdogo alikuwa ameingia humo. Walimtoa kwa mafuta ya nazi ya vuguvugu, na Kemi akalala usingizi kifuani kwa mama yake.

"Nilikuwa nayo," Benedicta alimwambia mumewe. "Ile ya kumuuliza panapouma. Nilikuwa nayo kabisa, iko Ubungo."

Gaudens alikuwa bado ameshika kichupa cha mafuta. Alikifunga, akakirudisha jikoni.

Jumamosi zilizofuata Benedicta alianza kumpeleka Kemi Sinza, kwenye darasa ambalo shule moja ya msingi iliwaachia wazazi wa watoto viziwi. Mwalimu wao alikuwa Augustine, kijana mrefu ambaye naye ni kiziwi, mwenye mikono ya haraka na uso usioficha kitu. Waliomfuata kwa uhodari walikuwa watoto. Kati ya wazazi, aliyemwelewa vizuri kuliko wote ni Jokha, mama mwenye duka la vitambaa Sinza, ambaye mwanawe Azzam alikuwa na miaka minane. Ukoo wa Jokha ulikuwa wa Waarabu wa pale tangu zamani, wafanyabiashara watupu, na yeye aliongea kwa mdomo na mikono kwa wakati mmoja hata na watu wanaosikia.

"Unahifadhi wapi video zako, shoga?" alimuuliza Benedicta siku ya tatu tu ya kujuana.

Benedicta akamweleza. Nyota ofisini, nyota nyumbani, nyota kwenye simu.

Jokha akacheka. "Basi tuko sawa. Mie nilikuwaga najitumia linki mwenyewe kwenye WhatsApp. Nikitaka kitu naanza kupandisha, napandisha, napita bei za satini, napita salamu za Idi, nafika mwaka juzi, Azzam keshachoka kaondoka. Njoo dukani Jumatano, nikuonyeshe nilichogundua."

Siku hiyo Benedicta alitoka Bunju asubuhi na laptopu, akaomba ruhusa ya kutoka mapema kazini, akaenda nayo Sinza. Waliketi nyuma ya kaunta, katikati ya majora ya vitambaa, na chai ya tangawizi. Jokha alikuwa amegundua jambo hilo alipobadilisha kompyuta ya duka. Kivinjari chochote cha kompyuta, alisema, kina mahali pa kutoa alamisho zako zote, yaani hizo kurasa ulizowekea nyota, zikawa faili moja. Faili hilo unalituma kama unavyotuma picha, na kivinjari kingine kinalipokea na kuzipanga kana kwamba ni zake.

"Hata kama huku ni Firefox na kule ni Chrome?"

"Hata. Hayo ni majina tofauti tu, faili linaingia kote."

Wakatoa za laptopu ya Gaudens, za simu wakazituma moja moja, zote wakaziingiza kwenye kompyuta ya duka, zikakutana na za Jokha. Ikawa vurugu. Ukurasa mmoja wa alama za wanyama walikuwa wameuhifadhi wote wawili, na Jokha pekee alikuwa nao mara tano. Video nyingine zilikwisha kufutwa na wenyewe. Wakafuta, wakaunganisha, wakatengeneza folda: Chakula, Nyumbani, Mwili na Maradhi, Hasira na Furaha, Hadithi. Jokha alikuwa na video za kufundisha watoto kutawadha kwa lugha ya alama, Benedicta alikuwa na moja ya Baba Yetu. Wakaziweka zote kwenye folda moja, wakaiita Sala. Wateja waliingia wakauliza bei ya kitenge, wakajibiwa bila kutazamwa usoni. Giza lilipoanza kuingia walikuwa wamekwisha panga, na Benedicta alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kusafisha stoo.

Zilibaki za ofisini, na ndizo zilizokuwa bora zaidi. Walikubaliana Benedicta azitoe yeye mwenyewe na kuzituma moja kwa moja kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, lililoitwa Mikono Yetu, ili kila mzazi awe nazo hata asiye na kompyuta. Faili lile likifunguliwa kwenye simu lilikuwa linaonekana kama ukurasa wa majina, unagusa jina, video inafunguka.

Ijumaa mchana Benedicta alitoa faili, akaliambatisha, akaandika: "Wapendwa wazazi, huu ni mkusanyiko wangu wa miaka miwili. Naomba muutumie, na mwenye nyongeza aongeze." Akatuma, akaenda kupokea mzigo wa Singida.

Aliporudi, kundi lilikuwa linawaka moto. Shukrani zilikuwa nyingi. Zilifuatiwa na vicheko, na baada ya vicheko akaona ujumbe wa mzee mmoja mwenye heshima zake: "Mama Kemi, hicho kiwanja cha Mapinga bado kipo?"

Alifungua faili alilolituma. Alidhani ametoa folda ya alama peke yake, kumbe kivinjari hutoa kila kitu. Humo kulikuwa na video zote za Kemi, ni kweli. Lakini kulikuwa pia na viwanja vya Mapinga, mawigi ya bei poa, mapishi ya ndizi kwa njugu, namna ya kuomba kupandishwa cheo bila kumuudhi bosi, na, kwenye folda aliyoipa jina la Baba Kemi, kurasa nyingi mno kuhusu mume anayekoroma. Sababu za kukoroma. Mito ya kuzuia kukoroma. Je, kukoroma ni ugonjwa? Simulizi ya mwanamke wa Morogoro aliyehamia chumba cha pili.

Simu ikaita. Alikuwa Jokha, na kwa muda mrefu Benedicta alisikia pumzi tu, kwa maana Jokha alikuwa anacheka hawezi kusema.

"Mama Kemi! Kwani MC Gau anakoroma?"

"Dada Jokha, nimekufa."

"Hujafa. Futa ule ujumbe haraka."

"Nimeshafuta. Wameshapakua!"

"Basi tulia. Mie ule ukurasa wa mito nimeuhifadhi, baba Azzam naye ni trekta."

Gaudens hakuwamo kwenye kundi, hivyo Benedicta alijipa moyo kwamba huenda yakapita. Hayakupita. Jumapili jioni Gaudens alikuwa kwenye kikao cha kamati ya harusi moja Sinza, na mwenyekiti wa kamati, bwana Gervas, alikuwa baba wa mmoja wa watoto wa Jumamosi. Gervas hakuwa na nia mbaya. Alimwambia tu, mbele ya kamati nzima, kwamba sauti ya MC haipumziki hata usiku.

Gaudens alirudi nyumbani akakaa kwenye kochi bila kumtangaza mtu. Benedicta alikuwa anakunja nguo.

"Benedicta. Mie nakoroma?"

"Unakoroma, baba Kemi."

"Sana?"

"Madirisha yanajua."

"Na umeona uwaambie wazazi wa Sinza kabla ya kuniambia mie?"

Hapo alimweleza yote, bila kuficha: nyota za saa ya chakula, video zilizotawanyika sehemu tatu, siku ya mdudu sikioni, duka la Jokha, na kosa la Ijumaa. Aliomba radhi kwa aibu aliyomtia. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amepanga kulisema. "Lakini kama ungekuwa unakuja Jumamosi na sie, ningekuonyesha wewe kwanza. Nisingehitaji kutuma lile faili popote ili nipate mtu wa kuniambia nimefanya vizuri."

Gaudens alimtazama Kemi, aliyekuwa chini akimpangia mdoli vikombe na kumwambia kitu kwa vidole. Hakujua mtoto anasema nini.

"Jumamosi nakuja," alisema. "Lazima nikajisafishe jina."

Alikuja kweli, na suti ya kijivu, viatu vinang'aa, kama mtu aliyealikwa. Wazazi walipomwona waliinamisha vichwa kuficha vicheko. Gaudens alisimama mbele, akakohoa kidogo, akaanza kwa ile sauti yake ya ukumbini: "Mabibi na mabwana, nimesikia yapo maneno yanayozunguka kuhusu usingizi wangu..." Wazazi wakacheka, naye akapata nguvu, akaendelea, akatia vichekesho vyake vyote vizuri. Alichelewa kugundua kwamba nusu ya darasa haicheki. Watoto walikuwa wanamtazama anavyofumbua na kufumba mdomo, wamekaa kwa adabu, kama watu wanaosubiri kivuko. Kemi naye alikuwa hivyohivyo. Mwalimu Augustine alikuwa ameegemea ubao, uso mpole, hajapata neno hata moja.

Gaudens alisita. Wanasema hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa MC Gau kupotelewa na maneno akiwa amesimama mbele ya watu.

"Mwalimu anauliza unasema nini," Jokha alimwambia kwa upole, akitafsiri mikono ya Augustine. "Na watoto wanataka kujua wanacheka nini wazazi wao."

"Mwambie... mwambie wanasema nakoroma."

Jokha akatafsiri. Augustine alifumba macho, akalaza kichwa begani, akapeleka mkono puani na kuutoa unatetemeka, mkubwa, mzito, huku mashavu yakijaa na kupungua. Darasa zima likalipuka, watoto kuliko watu wazima. Kisha Augustine akaeleza jambo, na Jokha akalitafsiri polepole. Katika watu wa lugha hii, alisema, hakuna anayejipa jina. Jina lako la alama unapewa, nalo hutoka kwenye kitu ambacho watu wamekiona kwako. Augustine mwenyewe jina lake lilikuwa kovu lake la kidevuni. Sasa mwalimu alikuwa anauliza kama baba Kemi atapokea lake.

Kabla Gaudens hajajibu, Kemi alikuwa ameinuka. Alikwenda mpaka mbele ya baba yake, akamgusa goti ili amtazame, akafumba macho, akalaza kichwa, mkono mdogo ukatoka puani ukitetemeka. Kisha akafumbua macho kuona kama baba ameitika.

Miaka minne Gaudens alikuwa anasubiri kuitwa na mtoto huyu. Alichuchumaa na suti yake kwenye sakafu ya vumbi.

"Naitikaje?" alimuuliza Jokha, na sauti yake haikuwa ya ukumbini. "Mtu akikuita hivi, unaitikaje?"

Jokha akamwonyesha. Benedicta aliyekuwa nyuma karibu na mlango aligeuka akatazama nje, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akarudi kutazama, kwa sababu hakutaka kupitwa.

Tangu hapo mambo yalikwenda kwa kasi ya Gaudens, yaani kasi kubwa. Yeye ndiye aliyedai faili litengenezwe upya kwa usahihi. Walifungua akaunti moja ya kundi, isiyo ya mtu, ndani yake wakaweka kurasa za alama tu, na kila mzazi aliyeitaka akaiwasha kwenye kivinjari cha simu yake. Mmoja akihifadhi ukurasa Bunju, unaonekana Sinza. Wasioweza walitumiwa faili, baada ya Benedicta na Jokha kulikagua mstari kwa mstari. Viwanja vya Mapinga viliondolewa, ingawa yule mzee alilalamika. Mapishi ya ndizi kwa njugu yalibaki kwa ombi la wengi.

Gaudens hakuwa mwepesi wa kujifunza. Vidole vyake vilikuwa vizito, na mara nyingi alikusudia kusema kitu kimoja akasema kingine, mpaka siku moja alimwambia Kemi kwa heshima zote kwamba bibi yake ni dirisha. Kemi alimsahihisha bila huruma. Lakini kila alipokuwa anasubiri maharusi wafike ukumbini, alionekana pembeni na simu yake, akitazama video na kuzirudia, na kubonyeza nyota.

Desemba shangazi yake Benedicta alituma senene, wale panzi wa kuliwa, kutoka Bukoba, mfuko mzima, wamekaangwa vizuri. Kemi alikula akataka tena, na alitaka kuwaomba kwa jina. Benedicta alipekua folda ya Chakula, Jokha akapekua kwake, wazazi wa kundi wakapekua. Kulikuwa na wali, samaki, mihogo, hata keki. Senene hawakuwamo.

Augustine alialikwa Bunju Jumapili. Aliwatazama senene, akawaonja, akawaonja tena, akafikiri, kisha akasema hawezi kuwabunia watu wa Bukoba neno lao. Alikuwa na rafiki kiziwi aliyekulia kule, atamuuliza. Wakampigia kwa video palepale. Rafiki huyo alicheka kuona mfuko, akawaonyesha alama wanayoitumia nyumbani kwao, na Augustine akairudia mara mbili kuhakikisha.

Gaudens akaweka taa yake moja ya harusi uani, akasimamisha simu juu ya spika iliyozimwa, akamkalisha Kemi kwenye kigoda na bakuli mapajani ili arekodiwe akiifundisha alama hiyo, na video hiyo iwekwe mtandaoni wazazi wengine waihifadhi. Mara ya kwanza Kemi alifanya alama vizuri lakini alikuwa anatafuna. Mara ya pili alisahau alama, akatafuna tu. Mara ya tatu alimaliza vyema, ila Gaudens nyuma ya simu alishangilia kwa mikono miwili na kuiangusha.

Benedicta aliiokota simu, akafuta kioo kwa kanga, akamwomba mumewe akae mbali kidogo. Kemi alikuwa anawanyooshea bakuli. Lilikuwa tupu, na kwa mkono wa pili alikuwa anaomba senene wengine, kwa jina lao kamili.